Kalamu ya Maalim Shekue

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kuvaa saa mikononi, palikuwa na chuo katika mji wa Kirindini, na mkuu wake akiitwa Maalim Shekue. Chuo hicho kilikuwa na ada yake: mwalimu haingii darasani ila na swali moja, ameliandika ubaoni kwa wino wa masizi, na swali hilo sharti lipite kwanza mbele ya Maalim. Maalim akilijibu kwa pumzi moja, husema, "Hili ni maiti. Lioshwe." Basi mwalimu huchota maji kisimani, akaufuta ubao, akaanza upya.

Maalim alipoanza kupofuka, aliwaita walimu wake watatu: Bi. Mwanatumu, Shaweji na Mwinyikombo. Akawaambia, "Macho yananiaga. Swali litakalowafanya wanafunzi watafute badala ya kukariri, mwenye swali hilo nitamkabidhi kalamu yangu na chuo hiki."

Bi. Mwanatumu alikuwa amefundisha hapo miaka ishirini, na kalamu ile aliitaka kwa moyo wake wote. Akajifunga kibwebwe.

Siku ya kwanza akaandika: "Alasiri huingia lini?"

"Kivuli cha nguzo kikifika mstarini," akajibu Maalim. Kwani katika ua wa msikiti palisimama nguzo, na mbele yake mababu walichonga mstari uliopinda kama mwezi mwandamo, umbali wake na nguzo sawa na urefu wa nguzo yenyewe. Kivuli kikiugusa, huadhiniwa alasiri. "Lioshwe."

Siku ya pili: "Kwa nini tunaufuata mstari?"

"Kwa kuwa wazee waliufuata. Lioshwe."

Siku ya tatu, likaoshwa. Siku ya nne, likaoshwa. Shaweji akamtania kisimani: "Bi. Mwanatumu, tubakizie maji ya kutawadhia!"

"Kisima kitakauka kabla sijachoka, Shaweji," akajibu, akainua ndoo yake.

Siku ya saba, akiuanika ubao adhuhuri, aliona jambo. Miezi miwili nyuma, saa kama ile, ubao uliposimamishwa haukuwa na kivuli. Leo kivuli kimetambaa hata kizingitini. Akaandika: "Ikiwa kivuli cha adhuhuri hurefuka na kufupika mwezi hata mwezi, ilhali mstari wa alasiri ulichongwa siku moja tu, yawezekanaje mstari huo kusema kweli mwaka mzima?"

Maalim Shekue akavuta pumzi. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu, asijibu. "Hili li hai," akasema.

Lakini Bi. Mwanatumu alipowasomea wanafunzi, walimkodolea macho kama samaki kapuni. Mmoja akauliza, "Bibi, tuandike jibu gani?" Ndipo Shaweji alipoomba ubao. Akafuta huku, akafuta kule, yakabaki maneno manne: "Kivuli huhama, mstari je?" Wanafunzi wakacheka. Kisha wakatoka mbio kuelekea ua wa msikiti.

Wanafunzi wakubwa walikuwa wa Mwinyikombo, basi swali akakabidhiwa yeye. Kila mmoja akampa kijiti akipande, akipime kivuli chake kila adhuhuri. Mwezi wa kwanza wakapima. Mwezi wa pili wakapima. Mwezi wa tatu mji ukanung'unika, akaja Mzee Mngumi, mwadhini.

"Mwalimu, watutilia shaka sala za baba zetu? Toa jibu, au tuwatoe watoto."

"Jibu silijui, Mzee wangu. Nao hawalijui. Ndiyo maana tunapima."

"Mwalimu asiyejua! Basi na mbuzi wangu nimfungulie chuo!"

Nusu ya wanafunzi wakatolewa. Mkwewe Mwinyikombo akaacha kuitikia salamu yake. Yeye akapima na waliobaki.

Mwezi wa sita wakamwita Mzee Mngumi, wakamwonyesha alama zao. Mstari ulisema kweli zile siku chache tu ambazo adhuhuri haina kivuli. Siku nyingine zote, urefu wa kivuli cha adhuhuri ulipaswa kuongezwa juu ya ule wa mstari, kwani alasiri huingia kivuli kikishazidi kile cha adhuhuri kwa urefu wa nguzo. Mji ulikuwa ukisali alasiri kabla ya wakati wake. Mzee Mngumi akapiga magoti, akaupapasa mstari kwa kidole. "Na mwadhini ni mimi," akasema. Kisha akaongeza, "Nipeni kijiti. Nifundisheni."

Siku ile ile walimu watatu wakasimama mbele ya Maalim Shekue.

Bi. Mwanatumu akasema, "Siku saba nilichota maji. Bila mimi, hakuna ambaye angeliuliza."

Shaweji akasema, "Kweli uliliuliza, dada yangu, lakini ukaliuliza peke yako. Bila mimi, wanafunzi wasingelisikia."

Mwinyikombo akasema, "Mimi sikuandika hata neno. Lakini bila mimi, lingekufa mwezi wa tatu, na ninyi wawili siku ile nilipotukanwa sikuwaona."

Bi. Mwanatumu akainamisha uso, kwa kuwa ni kweli. Kisha akauinua, kwa kuwa na yake ni kweli. Akaunyosha mkono wake. Na Shaweji akanyosha. Na Mwinyikombo akanyosha.

Maalim akaishika kalamu. Akavuta pumzi. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu.

Enyi mnaosikiliza, kalamu ni moja na mikono ni mitatu. Je, nani alistahili? Semeni, ila atakayejibu kwa pumzi moja, ndoo iko pale, na kisima bado kina maji.