Nyonga ya Mzee Shekigenda na Ng'ombe wa Nadhiri

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mashine ya kupiga picha mifupa ilikwisha kufika wilayani, Mzee Shekigenda alifiwa na mkewe, Zahabu, Mungu amrehemu. Wiki ileile nyonga ya mzee ikaanza kuuma, kwa mbele, pale paja linapokunjika. Akirukuu, inauma. Akisujudu, inauma zaidi. Akawa anaswalia kitini, na majirani wakasema ni msiba umemshukia mguuni.

Mzee akaweka nadhiri msikitini mbele ya watu: atakayeutambua ugonjwa huu atampa ng'ombe wa marehemu, akiwa hai, na kamba yake. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja tu, Bibi Arusi, mwenye maziwa mengi na mateke mengi.

Akaenda hospitali. Mpiga picha, Mhina, akamlaza chali, miguu imenyooka, akapiga. Dokta Kaniki akaitazama picha, akaona mifupa safi, naye akasema labda ni huzuni. Mzee akarudi nyumbani na huzuni mpya.

Sasa marehemu alikuwa na mdogo wake, Nunu, mwanamke asiyemwacha shemeji yake apumue. Asubuhi moja alimkuta zizini akikamua, amekaa kwenye kigoda cha marehemu, kifupi kama sahani, magoti yamemfika masikioni. Akamwinua, mzee akaguna. Akamtembeza uani, hakuguna. Akamkalisha tena, akaguna.

"Shemeji, wewe huumwi msiba," akamwambia. "Msiba haungoji mtu akae. Dada alipokuwa hai, nani alikuwa akikamua?"

"Yeye mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Basi nyonga yako imeanza kazi uzeeni. Inauma ikikunjwa. Twende wakaipige ikiwa imekunjwa."

Wakaenda. Mhina hakubisha. Akampinda mzee goti, akalilaza paja kwa nje, mzee akawa kama chura aliyeanguka chali. Akauliza kwa sauti ndogo kama Zahabu anaweza kumwona kutoka huko aliko. Mhina akamwomba atulie, akapiga.

Safari hii kitu kikaonekana. Chini kidogo ya kichwa cha mfupa wa paja, pale panapotakiwa kubonyea, palituna kinundu. Pembeni yake palikuwa na kitundu, kama punje iliyotobolewa na dumuzi. Mhina alipokiona kile kitundu akatikisa kichwa, akasema mfupa unaliwa. Nunu akaanza kulia. Mzee akaanza kutoa shahada.

Dokta Kaniki akaja, akawanyamazisha wote. Kitundu si kitu, akasema, ni alama tu ya kusuguliwa. Mkosaji ni kinundu: mzee akikunja paja, kinagonga ukingo wa kikombe cha nyonga, kama mlango unaogonga kizingiti. Akampa mazoezi, akamkataza vigoda, akamwambia aswali kitini bila haya. Maumivu yakapungua, Alhamdulillahi.

Ikabaki nadhiri. Mzee aliogopa kufa nayo shingoni. Akawaita wote watatu uani, pamoja na imamu aliyeisikia nadhiri msikitini.

Nunu akasema, "Picha ya kwanza ilikuwa na mashine, ilikuwa na dokta, haikuwa na mimi. Mliona nini?"

Mhina akasema, "Ulisema akunjwe. Akunjwe vipi? Ningempiga amekaa kigodani, ningepata picha ya kigoda. Bila mkono wangu kinundu kingejificha hadi leo."

Dokta akasema, "Nadhiri ilisema kutambua. Mhina alikiona, akamzika mzee. Nunu akamlilia. Mimi ndiye niliyemfufua."

"Mara ya kwanza ulitambua huzuni," Nunu akamjibu.

Mzee akamwuliza imamu kama anaweza kumwuza ng'ombe, wagawane. Imamu akasema hapana: alitaja mtu mmoja, na ng'ombe aliye hai. Amchague nani, hilo alijue mwenyewe aliyefungua kinywa.

Basi Mzee Shekigenda akasimama katikati ya ua, ameishika kamba aliyoisokota Zahabu, hataki kuiachia na hathubutu kubaki nayo. Kamba ni moja, mikono iliyonyoshwa ni mitatu, na Mungu anashuhudia. Nanyi mliokaa mkasikiliza, msiinuke kwanza. Je, nani alimstahili Bibi Arusi?