Chonjo na Shule ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na mbwa asiye na kufuli mdomoni!

Hapo zamani za kale, mjane mmoja aliyeitwa Bi Nyamvula aliishi na mbuzi wake na mtoto wa mbwa jina lake Chonjo. Alimpenda Chonjo kama kitinda mimba wake. Lakini kelele zake, jamani! Kuku akipita, anabweka. Jani likianguka, anabweka. Majirani wakachoka, wakamwambia Bi Nyamvula ama mbwa aondoke, ama ahame naye.

Bi Nyamvula akalia. Fisi akamsikia, akaja kwa unyenyekevu wote, na meno yake yote. Akamshauri kwamba Chonjo akibweka, arushiwe mfupa. Bi Nyamvula akarusha. Chonjo akala, akaramba midomo, akabweka tena. Mifupa ikaisha, kelele zikazidi.

Fisi akaja mara ya pili, akasema dawa ni fimbo. Bi Nyamvula akachapa, roho ikimuuma. Chonjo akawa anajificha chini ya ghala, akiitwa haji. Lakini bibi yake akienda kisimani tu, kelele palepale.

Fisi akaja mara ya tatu.

"Huyo ameshindikana," akasema. "Mlete kwangu mwituni nimfunze mwenyewe."

Na shule ya fisi mnaijua.

Bi Nyamvula akambeba Chonjo, machozi yanamtoka. Alipofika zizini, mbuzi jike mzee akamzibia njia.

"Mama, akibweka unampa mfupa. Akinyamaza unampa nini?"

Bi Nyamvula akafikiri. "Simpi kitu. Nashukuru tu, naenda zangu."

"Basi nani aliyemfundisha kubweka?"

Bi Nyamvula akaona haya, akamshusha Chonjo chini. Tangu siku hiyo, Chonjo akibweka ovyo, bibi anamgeuzia mgongo. Akinyamaza, hata kidogo, anaitwa kwa upole na kupewa tonge la ugali. Haikuwa kazi ya siku moja. Kuna siku alitafuna kiatu cha jirani, akakibwekea kutwa, wakaanza upya. Lakini polepole kuku akapita, kimya. Jani likaanguka, kimya.

Fisi akachoka kungoja, akaja mwenyewe zizini. Chonjo akabweka. Majirani wakatazamana, wakasema huyu siku hizi habweki bure. Wakatoka na marungu, wakamtimua Fisi hadi ng'ambo ya mto.

Kesho yake, jirani aliyekuwa mkali kuliko wote alikuja na mfupa mnono. Chonjo akamrukia, akibweka kwa furaha.

"Usimpe bado," akasema Bi Nyamvula. "Ngoja kwanza atulie."

Chonjo akakaa chini, kimya, mkia tu ukifagia vumbi.

Hadithi hii inatufunza kwamba anayelea asiwe na macho ya kuona makosa tu. Mtoto akifanya vyema, naye aonwe, aambiwe.

Nami nimefika mwisho. Ikiwa tamu, nendeni nayo nyumbani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.