Nyani na Boya la Mwambani

Paukwa!

Hiyo pakawa yenu imetoka puani, nimeisikia. Na wewe hapo unayebetua midomo, eti nyani na tanga wapi na wapi. Ulikuwapo? Basi kaa usikie, au nenda kalale.

Hapo zamani, kando ya ziwa, Fisimaji na jirani yake Nyani kila mmoja alikuwa na mashua yake ya tanga. Mbele ya kijiji lilielea boya, limefungwa kamba nene hadi kwenye jiwe la chini. Mashua ikifungwa hapo, salama. Ikilipita, mbele kidogo pana mwamba.

Fisimaji akija, kwanza hulizunguka. Hugeuza omo, pua ya mashua, kuukabili upepo, tanga likalegea, pata pata pata, mashua ikasogea pole kama mgeni mwenye adabu. Hunyosha upembo, fimbo yake yenye ndoano, akainasa kamba, akafunga. Siku nyingine hulikosa. Huzunguka tena, wala haoni haya.

Mke wa Nyani hukaa ufukoni akitazama. Akirudi nyumbani ni jirani hivi, jirani vile. Nyani akasukuma chakula kando.

Akamwendea Fisimaji, akamtaka siri yake.

"Haina siri, jirani. Kabili upepo, punguza mwendo. Ukilikosa liache, uzunguke tena."

Nyani akaondoka akinung'unika. Huyu kaficha la kweli, kanipa la kuchekwa. Nizunguke mara mbili, mke wangu akitazama? Akaazimia kufanya kinyume.

Kesho yake akaja, upepo mgongoni, tanga limejaa, vuuu. Fisimaji akamwita kutoka ufukoni, akamsihi atue tanga.

"Wivu huo, jirani," Nyani akasema.

Upembo hakuubeba. Usukani akauacha. Akakumbatia omo kwa mikono na miguu, na mkia, ambao siku hizo ulinyooka kama mwanzi, akauzungusha kwenye kamba ya boya. Boya halikwenda. Mashua haikusimama. Katikati yao, Nyani.

"Achia, mume wangu," mkewe akapaza sauti kutoka ufukoni.

"Jirani anatazama," akajibu.

Ka! Mkia ukakunjika, kamba ikachopoka. Mashua ikaenda mwambani, puu, mbao huku, tanga kule, Nyani majini anameza maji.

Fisimaji akatweka tanga, akamfuata na upembo wake. Mara ya kwanza akamkosa. Akazunguka tena. Mara ya pili akamnasa, akamtia chomboni.

Tangu hapo mkia wa nyani una kiwiko.

Mwenye wivu ukimpa shauri jema, yeye husikia tusi. Na boya ukilikosa, zunguka tena. Haya haizamishi chombo.

Hadithi yangu naitua hapa. Natoka, na mlango naufunga.