Njia Iliyokula Shamba

Mtu mmoja, jina lake Mrutu, alikuwa na shamba lililojaa bonde zima, na alipenda kila kitu kikae mahali pake. Wanawe tisa akawajengea nyumba upande wa magharibi. Huko ni kulala, alisema. Kisima, mashine ya kusaga, soko na nyumba ya mkunga akaviweka mashariki. Huko ni shughuli. Katikati ilibaki migomba, na njia moja yenye upana wa hatua tatu.

Kila asubuhi wote walikwenda mashariki, na kila jioni wote walirudi. Mikokoteni ikabanana.

“Msogeze punda wako, bwana!”

“Nimsogeze wapi, shemeji? Mgongoni kwako?”

Mrutu akakata migomba, njia ikawa hatua sita. Msimu mmoja watu walipita vizuri. Kisha waliobeba mizigo kichwani wakanunua mikokoteni, na waliotwanga nyumbani wakaanza kwenda mashineni, maana njia sasa ilikuwa pana. Ikabanana tena. Akakata tena: hatua kumi na mbili. Aliipima mwenyewe kwa kamba, akaridhika.

Asubuhi moja Nakijwa, mke wa mwanawe wa mwisho, alishikwa na uchungu. Mrutu akamlaza kwenye mkokoteni, akashika hatamu. Katikati ya njia wakakwama. Mbele magunia, nyuma magunia. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Waliomsikia ni watoto wake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na pa kumpisha.

Mkunga alifika kwa miguu, akipenya chini ya matumbo ya punda. Mtoto alikuwa ameshakufa. Akamfunika kwa kanga, akamtazama mzee.

“Mzee, njia yako ni pana. Mbona nyumba yangu uliiweka mbali?”

Kwao mtoto mchanga huzikwa chini ya mgomba, karibu na mlango wa mamake. Mrutu akachukua jembe, akatafuta mgomba. Hakuuona hata mmoja. Wa mwisho alikuwa ameukata yeye mwezi uliopita. Alipogeuka, aliwakuta wanawe wamesimama nyuma yake, kila mmoja na jembe begani. Alidhani wamekuja kuzika. Walikuwa wamekuja kumwomba aongeze hatua sita.

Je, katika majembe yale, lako halikuwamo?