Jina la Seva ya Tatu

Wasikilizaji, nawaletea kesi iliyomshinda hakimu wake. Sikilizeni, kisha mhukumu ninyi.

Katika chuo kimoja cha ualimu mjini Korogwe walikuwako mafundi watatu wa kompyuta. Mwantumu Semboja alikuwa na kipaji cha kuifanya mashine ieleze hali yake. Elieza Mhina, ambaye wengi humwita Eliasi kwa makosa, alikuwa na kipaji cha kusoma michoro. Titus Shekigenda alikuwa na mkono mwepesi.

Chuo kilikuwa na seva mbili. Ndani ya kila seva ziliishi mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zisizoshikika kwa mkono, kama wapangaji katika nyumba moja: kila mmoja na chumba chake, lakini paa likiungua, wote hulala nje. Desturi ya pale ni kuipa kila seva jina la mtu. Ya kwanza iliitwa Bi Nyange, ya pili Mzee Kaniki. Ya tatu ilikuwa njiani.

Mkuu wa Chuo, Mwalimu Anzeruni Mbwambo, alitangaza: "Mzee Kaniki amechoka, na alama za mitihani zimo tumboni mwake. Atakayeziokoa zikipata hatari, ndiye atakayeitia jina seva mpya."

Mwantumu alitaka jina la bibi aliyemlea. Titus alitaka jina lake mwenyewe. Hakuona haja ya kwenda mbali. Lakini Elieza alikuwa na shida. Katika hotuba ya harusi yake alimshukuru mama mkwe, Bi Ruzuna, kwa jina la mke mwenzake. Tangu siku hiyo mama yule hakumjibu salamu. Elieza akatuma ujumbe: "Mama, jina lako litaandikwa chuoni."

Ijumaa asubuhi hatari ikaja. Mwantumu alikuwa ameweka programu inayoziuliza seva hali zao kila mara na kuchora majibu kwenye skrini. Mstari wa joto la Mzee Kaniki ukaanza kupanda.

"Safi sana!" Naibu Mkuu wa Chuo, aliyesimama nyuma yao, akapiga makofi. "Unapanda kama ufaulu wetu."

Elieza akautazama, akatazama na mstari wa kazi. "Mwalimu, kazi haijaongezeka. Mtu aliyelala akitoka jasho, ujue kafunikwa blanketi. Kuna kitu kimeziba matundu ya hewa."

Naibu akakohoa, akaacha kupiga makofi.

Ufunguo wa chumba cha seva alikuwa nao mtunza stoo, naye alikuwa safarini Mombo. Kuizima seva ghafla kungepoteza alama, maana walimu walikuwa bado wanaziingiza. Basi Titus akaketi kwenye kompyuta yake, akawahamisha wapangaji wa Mzee Kaniki mmoja mmoja hadi kwa Bi Nyange, bila mwalimu hata mmoja kuinua kichwa. Alipomhamisha wa mwisho, Mzee Kaniki akazimika mwenyewe.

Mtunza stoo aliporudi, mlango ulifunguliwa. Keki ya harusi ya binti wa Naibu, ya ghorofa tano, ilikuwa imeegemezwa kwenye matundu ya seva, maana chumba kile ndicho pekee chenye kiyoyozi. Sasa zilibaki ghorofa mbili.

"Nani kaiyeyusha keki ya mwanangu?" Naibu akalia.

Watatu walikuwa wameshaanza kugombana.

"Bila grafu yangu mngengoja moshi," alisema Mwantumu.

"Grafu yako tuliiona sote, dada. Hata Naibu aliipigia makofi!" alisema Elieza.

"Kuutaja ugonjwa si kumponya mgonjwa," alisema Titus. "Ninyi mlitazama, mimi nikabeba."

Seva mpya ikashushwa kutoka garini. Mwalimu Mbwambo akashika kalamu ya wino mzito, akasimama mbele yake. Na langoni akaingia Bi Ruzuna, kanga mpya, dada zake wawili nyuma yake.

"Mwanangu Elieza," akaita, kwa mara ya kwanza tangu harusi, "liko wapi hilo jina?"

Mwalimu Mbwambo akawatazama wote, akaifunika kalamu, akaifunua tena.

Haya, wasikilizaji: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwachia nani aseme jina?