Wimbo wa Nahodha Nyani

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitikia kama watu waliolazimishwa. Haya, tuanze hivyohivyo, mtachangamka njiani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisafiri kwa mitumbwi, palikuwa na ziwa. Ziwa kubwa, ukisimama upande huu, upande wa pili huuoni. Upande huu walikaa Nyani, Ngiri, Chura na Mama Pimbi. Upande wa pili, pale mto unapoingia ziwani, alikaa Kenge, mganga wa homa.

Mama Pimbi alikuwa na mtoto mmoja tu. Mtoto akashikwa na homa. Leo homa, kesho homa, mwili unawaka kama chungu kilichotoka jikoni. Mama Pimbi akambeba, akaenda kwa Nyani mwenye mtumbwi.

"Baba Nyani, nivushe kwa Kenge. Mwanangu ananifia mikononi."

Nyani hakuwa na roho mbaya. Nasema mapema msije mkamchukia bure. Alikuwa na roho nzuri, ila alipenda ijulikane.

"Nitakuvusha, mama. Usilie. Tutaondoka kesho asubuhi."

"Kwa nini si sasa?"

"Sasa watu wako mashambani. Nani atatuaga?"

Mama Pimbi akarudi naye nyumbani. Anayeomba hachagui saa. Usiku kucha akampepea mtoto.

Asubuhi watu wakajaa ufukoni. Nyani akakaa upande wa kulia wa mtumbwi na kafi lake. Ngiri, mwenye mabega, akakaa upande wa kushoto na kafi lake. Mama Pimbi akapewa kibuyu cha kuchotea maji, maana mtumbwi ulikuwa unavuja kidogo, na maji yanayoingia lazima yatolewe. Mtoto akalazwa kwenye majani, katikati. Na mbele kabisa akakaa Chura. Chura hashiki kafi. Kazi yake ni mdomo, na ujira wake ni kapu la kumbikumbi alilopewa na Nyani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye mambo. Safari ya kafi ni ndefu, mikono inachoka, wimbo ndio unaoibeba. Desturi yao ilikuwa hivi: Chura anaimba, anataja jina, na mwenye jina anavuta. Akitajwa wa kulia, anavuta wa kulia. Akitajwa wa kushoto, anavuta wa kushoto. Mtumbwi unakwenda sawa. Na asiyetajwa havuti. Kuvuta bila kutajwa ilikuwa aibu, ni kama kwenda kula kwenye harusi ambayo hukualikwa.

Chura akajaza mashavu, akaanza.

"Nyani eeh, vuta."

Chubwi.

"Ngiri eeh, vuta."

Chubwi.

Mtumbwi ukakata maji. Wanawake ufukoni wakapiga vigelegele. Mke wa Nyani alipiga vizuri tu, ila ana sauti ndogo, maskini. Mke wa Ngiri sasa, yule ana koo. "Ngiri wangu, Ngiri wangu," jina likasikika ziwa zima. Nyani akasikia. Likamkaa moyoni, likamchoma.

Walipoacha kuiona nchi kavu, Nyani akaita.

"Chura."

"Naam, nahodha."

"Mtumbwi huu wa nani?"

"Wako, nahodha."

"Hao kumbikumbi unaowatafuna ni wa nani?"

"Wako, nahodha."

"Basi mbona Ngiri anatajwa sawa na mimi? Nahodha ni mmoja au wawili?"

Chura akameza. Akafikiri. Akaangalia kapu la kumbikumbi. Akaona nahodha ni mmoja.

"Nyani eeh, vuta."

Chubwi.

"Nyani simba wa maji, vuta."

Chubwi.

"Nyani baba wa mawimbi, vuta."

Chubwi.

Ngiri akangoja jina lake. Akangoja. Halikuja. Akalitoa kafi majini, akalilaza mapajani, akatazama pembeni.

Mama Pimbi akasema, "Shemeji Ngiri, vuta basi."

"Sijaitwa, mama."

"Mtoto anaungua."

"Namwona, na ananiuma. Lakini sijaitwa."

Sasa niambieni nyinyi wenye akili. Mtumbwi ukivutwa upande mmoja, unakwenda wapi? Ehe. Unazunguka. Na ukungu nao ukashuka, mbele huoni, nyuma huoni. Nyani akavuta, jasho linamtiririka, sifa zinamiminika. Chubwi, chubwi, chubwi.

Wakapita karibu na kisiwa kidogo chenye mti uliopinda.

"Kisiwa hiki hakina jina," akasema Nyani. "Kitaitwa Kisiwa cha Nyani."

Akala ndizi, akatupa maganda majini, akavuta. Chubwi, chubwi. Wakapita kisiwa kidogo chenye mti uliopinda.

"Kingine," akasema Nyani. "Hiki nampa mama yangu."

Chubwi, chubwi. Mama Pimbi akaona maganda ya ndizi yanaelea.

"Nahodha, haya si maganda yako?"

Nyani akayatazama kwa heshima. "Kumbe watu wa huku nao wanakula ndizi. Tena wanamenya kama sisi. Tumefika mbali."

Mnamcheka Nyani. Mchekeni na Ngiri. Ngiri alijua tangu kisiwa cha kwanza kwamba wanazunguka. Alikaa kimya, na moyoni anaona raha. Mtoto wa mwenzake anawaka homa, yeye anaona raha kwamba Nyani anaumbuka. Hilo linaniudhi kuliko yote, nawaambia kweli.

Muda wote huo Mama Pimbi anachota maji, anamwaga. Pwaa. Anachota, anamwaga. Pwaa. Anamtazama mtoto, anachota. Mtoto alikuwa analia. Kisha akalia kidogo. Kisha akaacha kulia.

Mama Pimbi akaingiwa na hofu. Akaweka kibuyu chini. Akamnyanyua mtoto, akamweka kichwani.

Maji yakaingia. Yakafika kwenye vidole vya Nyani.

"Mama Pimbi, chota maji."

"Sijaitwa, nahodha."

"Unasemaje?"

"Wimbo wote huu nausikiliza, jina la Mama Pimbi sijalisikia. Mimi nami nina aibu zangu. Sijaitwa, sichoti."

Maji yakafika kwenye mkia. Ngiri akaacha kutazama pembeni.

"Mama, tutazama," akasema Ngiri.

"Tutazama. Mwanangu anakufa kwa kuzunguka, basi afe kwa maji, na nyinyi mkiwepo."

Hakuwa anatania. Nyani akamtazama usoni, akaona hatanii. Maji yakafika kiunoni. Nyani hajui kuogelea. Ngiri hajui kuogelea. Chura je? Chura anaendelea tu.

"Nyani mfalme wa ziwa, vuta."

Nyani akageuka, akamtazama yule mwimbaji wake. Amekaa ndani ya maji mpaka shingoni, ametulia, macho yanang'aa, anatafuna kumbikumbi. Mtumbwi uzame usizame, kwake ni mamoja. Ndipo Nyani akaelewa.

"Chura," akasema kwa sauti ndogo, "mtaje Mama Pimbi."

"Nahodha?"

"Mtaje, nakwambia. Na Ngiri mtaje."

Chura akabadilisha bila tabu yoyote. Watu kama Chura hawapati tabu.

"Mama Pimbi eeh, chota."

Pwaa.

"Ngiri eeh, vuta."

Chubwi.

"Nyani eeh, vuta."

Chubwi.

Mtumbwi ukainuka, ukanyooka. Kile kisiwa chenye mti uliopinda kikabaki nyuma, na safari hii hakikurudi. Wakavuta mchana, wakavuta jua likizama, mpaka wakaingia mdomo wa mto. Kenge alikuwa mlangoni. Akampokea mtoto, akamnywesha dawa, akamkanda, akampaka. Kulipopambazuka homa ikashuka. Mama Pimbi akalia kwa furaha.

Kenge hakufurahi sana. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto hakugeuka.

"Mama, mtoto ataishi," akasema. "Lakini homa imemla masikio. Mngefika mapema kidogo yangepona. Njia haikuwa nzuri?"

Mama Pimbi akawatazama Nyani na Ngiri. Ngiri akainama. Nyani naye akainama, na tumpe haki yake, alilia kweli. Alilia siku nzima.

Halafu wakarudi nyumbani. Mnajua tena nyumbani. Watu wakajaa ufukoni, vigelegele, vifijo. Wakamwambia Nyani asimulie. Akaanza taratibu. Watu wakashangilia. Akapata nguvu. Akasimulia ukungu, akasimulia visiwa, kimoja cha kwake, kimoja cha mama yake, na watu wa mbali wanaokula ndizi. Chura akampigia wimbo. Ngiri naye akatajwa humo, mara mbili, akatabasamu. Watu wote wakapiga makofi.

Mtoto wa Pimbi alikaa mbele, mapajani kwa mama yake. Akawa anatazama midomo inafunguka na kufungwa, mikono inagongana. Akamgusa mama yake shavuni, akamuuliza kwa macho, wanasema nini? Mama Pimbi akatikisa kichwa. Hakuna kitu, mwanangu.

Funzo lake ni hili, na wakubwa mlioko nyuma msijifanye mmesinzia. Anayetaka sifa zote peke yake atavuta peke yake, na hatafika. Anayengoja kutajwa ndipo afanye lililo jema, huyo na Nyani ni wamoja. Na gharama ya ugomvi wao hailipwi nao, inalipwa na yule mdogo aliyelala katikati.

Hadithi yangu imefika pwani, naishusha hapa. Anayetaka kuibeba aibebe, anayetaka kunipigia makofi anipunguzie.