Chui Kwenye Mlango wa Kanaani

"Hadithi yaja!"
"Ije, tumeshaketi!"
"Yaja mbio, yahema!"
"Ipisheni, ipite!"

Basi hapo kale, kwenye kilima cha mawe nyuma ya kanisa, aliishi Mama Pimbi na wanawe watatu. Pimbi mnamjua? Ukimwona utadhani sungura aliyesahau masikio nyumbani. Lakini kwa masikio yake hayo madogo, Mama Pimbi alisikia mengi.

Kila Jumapili aliwasikia watu wakiimba habari za Kanaani, nchi waliyoahidiwa Waisraeli, nchi ya maziwa na asali. Siku za kazi alilisikia neno lilelile njiani. Bi Nyangeta alipochimbiwa kisima karibu na nyumba, alisema, "Sasa nimefika Kanaani." Mwalimu alipohamishiwa mjini, wenzake walimwambia, "Mwenzetu umeingia Kanaani." Hata kilabu cha pombe pale chini kiliitwa Kanaani. Mama Pimbi akaona kwamba kila mwenye njaa ana Kanaani yake.

Mwaka huo mvua ikagoma. Majani yakakauka, Mama Pimbi akalazimika kuwapeleka wanawe malishoni mbali na pango lao. Adhuhuri moja wakiwa wanatafuna, Chui akaja.

Nyata. Nyata. Nyata. Pu!

Wawili wakachomoka, chwi! chwi!, wakazama kwenye ufa wa jiwe. Wa tatu, Kitinda, mziwanda, hakuwahi. Chui akamdaka kwa ngozi ya shingo, akamning'iniza.

Chui angeweza kwenda zake akale. Lakini akautazama ule ufa, akamtazama mama mtu juu ya jiwe, akakaa kitako kusubiri. Aliwataka wote wanne.

 Miguu ya Mama Pimbi ikamwambia kimbia. Akamtazama mwanawe: macho yanapepesa, damu haijatoka. Basi akabaki.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema.

"Mahahaba," akajibu Chui, mdomo umejaa.

"Sisi wanne hatukujazi hata shavu moja. Kwa nini uhangaike nasi, na mlango wa Kanaani uko hapo nyuma ya kilima?"

Masikio ya Chui yakasimama. Jina hilo alilijua. Alilisikia siku alipokuwa akivizia mbuzi wa mchungaji wa kanisa.

"Mh?"

"Nchi ya maziwa na asali, Bwana. Maziwa mpaka yatiririke, mbuzi ni wangapi hao?"

Chui akawaza mbuzi. Mate yakamtoka, yakamlowesha Kitinda. Kisha akaanza kubana meno, amalize hiki kidogo aende kwenye kikubwa.

"Usimle!" akapiga kelele Mama Pimbi. "Ukiingia unanuka damu, mbuzi wote watakimbia!"

Meno yakalegea. Kidogo tu.

Wakaenda, Chui nyuma, mama mbele. Akitua mguu, anageuka kutazama. Akitua mguu, anageuka kutazama. Wakafika penye tundu jeusi kati ya majabali mawili. Ndani mlisikika: vuuuuu.

"Mh?"

"Ndio wenyeji, wanaimba. Taja jina la nchi, wakufungulie."

"Nganani," akasema Chui, Kitinda yu menoni.

Vuuuuu.

"Hawajakusikia, Bwana. Si Nganani. Ni Kanaani."

"Nganaaani!"

Chwi! akalia Kitinda, maana meno yalimbana.  Mama Pimbi akameza kilio, akasema polepole:

"Basi tena. Labda nchi yenyewe si yako. Mbona jana Fisi alisimama hapohapo, akatamka mara moja tu, akaingia? Mpaka sasa anakula."

Fisi! Fisi ale, yeye akose? Chui akavuta pumzi, akaachama kinywa chote:

"KA-NAA-NI!"

Kitinda akaanguka, tii! Mama akamsukuma chini ya jabali, naye akajipenyeza nyuma yake. Chui hata hakugeuka. Alishatia kichwa tunduni, na mashavu yamekwama.

Vuuuuu ikawa VUUUUU! Nyuki wakamvaa puani. Wakamvaa ulimini. "Yalaaa!" Akavuta, akavuta, akachomoka na asali kwenye sharubu, akateremka kilima mbio, ngurumu ngurumu, akapita katikati ya walevi wa kilabu, nao wakaacha pombe siku ile.

Chini ya jabali Mama Pimbi akamlamba Kitinda shingo.  Sasa ndipo alipolia.

"Hadithi imepita!"
"Njia njema!"
"Imeacha nini?"
"Imeacha funzo, tupe!"

Haya, pokeeni. Wapo watakaosema hadithi hii inafundisha kudanganya. Hapana! Mama Pimbi alisema asali, na asali ilikuwepo. Funzo lake ni adabu ya mezani, wanangu: ukiwa na chakula mdomoni, usiongee.